Kompyuta Ikigandia Kwenye Kuwaka: Tazama Kwanza Imegandia Wapi

Kompyuta nyingi za majumbani hapa Ujiji ni mtumba. Zilifanya kazi maofisini Ulaya au Dubai, zikapita Kariakoo, zikaja Kigoma kwa basi au treni, na leo zimekaa sebuleni juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma. Ni mashine ngumu, na baadhi zina umri mkubwa kuliko watoto wanaozitumia. Lakini ugonjwa unaowafanya majirani wanigongee mlango kuliko mwingine wowote ni mmoja: unabonyeza kitufe, feni inazunguka, alama ya kampuni inatokea kwenye kioo, halafu basi. Imestaki. Haiendi mbele wala hairudi nyuma.

Jibu la haraka mitaani ni "piga Windows upya". Mara nyingi dawa hiyo ni ghali kuliko ugonjwa. Inaondoka na picha za harusi, hesabu za kikoba na mitihani ya shule, na kama kosa lilikuwa kwenye RAM au diski, baada ya muda mfupi mashine itaganda tena, safari hii ikiwa tupu. Mimi huanza kwa kutazama imegandia wapi. Kuwaka kwa kompyuta ni safari yenye vituo: treni ya kutoka Dar ikikwama Tabora, huendi kuitafuta Uvinza.

Vituo vyenyewe ni vitatu. Cha kwanza ni tangu unapobonyeza kitufe hadi alama ya kampuni. Hapo Windows bado haijaguswa, na mashine inajikagua yenyewe. Cha pili ni vile vidoa vinavyozunguka. Hapo Windows inapakiwa kutoka kwenye diski. Cha tatu ni baada ya kuandika nywila, unapoona picha ya mbele lakini kishale hakisogei. Kila kituo kina watuhumiwa wake.

Kabla hujashika bisibisi

Kwanza hakikisha imeganda kweli. Kwenye kasha, lile ambalo wengi tunaliita CPU, kuna kitaa kidogo cha diski. Kikiwa kinapepesa, mashine inafanya kazi, ila taratibu. Windows 10 kwenye diski ya zamani ya kuzunguka na RAM ya gigabaiti 2 inaweza kukuchosha kabla haijafunguka, na hiyo si kuganda. Ukiona maandishi ya kusasisha mfumo, "Working on updates", usizime. Iache hata saa nzima. Kuikatia umeme katikati ya kusasisha ni njia fupi ya kuiharibu.

Pili, chomoa kila kisichohitajika: flashi, printa, modemu, waya wa simu, diski ya nje. Bakiza kibodi, mausi na kioo. Flashi iliyosahauliwa nyuma ya kasha inaweza kuifanya mashine ijaribu kuwaka kutoka humo na kusubiri kisichokuwepo. Printa mbovu inaweza kuikwamisha vilevile.

Tatu, chunguza umeme. Chomoa kompyuta kwenye ekstensheni yenye friji na pasi, uichomeke peke yake ukutani. Jioni taa zikianza kufifia na feni ya dari kuzunguka kwa uvivu, umeme ni mdogo, na pawa saplai iliyozeeka inaweza kushindwa kushika kazi sekunde ile diski inapoanza kuzunguka. Kama mashine inawaka vizuri asubuhi na kuganda saa mbili usiku, usiilaumu Windows.

Nne, ondoa mabaki ya umeme. Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kwa nusu dakika, kisha chomeka uwashe. Laptopu yenye betri inayotoka, itoe betri kwanza. Jambo hili linaonekana la mzaha, lakini limenimalizia kazi nyingi bila kufungua parafujo hata moja.

Kituo cha kwanza: imegandia kwenye alama ya kampuni

Hapa watuhumiwa ni vifaa. Sikiliza kwanza. Baadhi ya kompyuta za mezani hutoa mlio mfupi mmoja zikijiona salama. Milio mingi mfululizo, au kitufe cha kuwashia kupepesa rangi ya chungwa, ni mashine inayokuambia inapoumia. Hesabu milio, iandike, kisha utafute maana yake kwa jina na namba ya modeli, maana kila kampuni ina mpangilio wake.

Kama haisemi kitu, anza na RAM. Chomoa umeme, fungua ubavu wa kasha, gusa chuma tupu cha kasha ili umeme tuli wa mwilini utoke, kisha fungua vibano viwili vya pembeni na uvute kipande cha RAM juu. Utaona meno ya rangi ya dhahabu. Hapa kwetu yanashika utando kwa unyevu wa ziwani na vumbi. Yasugue taratibu kwa ufutio safi wa penseli, pande zote mbili, pangusa kwa kitambaa kikavu, usiyaguse tena kwa vidole. Rudisha kipande hadi vibano viitikie "ka". Kama una vipande viwili, washa na kimoja, kisha kingine, kisha ubadilishe matundu. Ikiwaka na kimoja na kuganda na kingine, umempata.

Baada ya RAM, tazama diski. Chomoa waya mwembamba wa data, urudishe ukaze, au ubadilishe. Ni bei ndogo. Kisha washa huku waya wa diski umechomolewa kabisa. Kama mashine sasa inapita alama ya kampuni na kulalamika kwamba haioni diski ya kuwakia, kizuizi ni diski. Ukisikia inagonga "tak, tak, tak" ndani, acha kuiwasha-washa. Kila ukiiwasha unapunguza nafasi ya kuokoa vilivyomo.

Ukiwa umefungua kasha, angalia pia vile vipipa vidogo vilivyosimama kwenye madabodi, kapasita. Vichwa vyake vinatakiwa viwe bapa. Vikivimba au kutoa ute wa kahawia, hapo ni kazi ya fundi mwenye chuma cha kulehemu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kapasita mbovu zilisambaa dunia nzima na kukumba kompyuta za kampuni kubwa, na mashine za wakati huo bado zinaonekana kwenye mitumba.

Kidude ambacho watu hawakishuku

Kwenye madabodi kuna betri ya duara, CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kutunza saa na, kwenye mashine nyingi za zamani, kutunza mipangilio ya BIOS, ile programu ya mashine inayotangulia Windows, umeme unapokuwa haupo. Kompyuta ikiwa imechomekwa ukutani, betri hiyo haina kazi kubwa. Umeme ukikatika ndipo inapobeba mzigo. Kwa hiyo betri iliyokwisha inaweza kujificha miezi mingi kwenye mji wenye umeme wa uhakika, na ikaumbuka siku moja tu pale unapokatika.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mama mmoja wa Rusimbi anayetunza hesabu za kikoba chake kwenye kompyuta ya mezani. Umeme ulikatika muda mrefu, uliporudi mashine ikawa inafika kwenye vidoa, inaganda, inajizima na kuanza upya. Alikwisha kuambiwa diski imekufa na apige Windows. Alipokuja kwangu nilimuuliza jambo moja: "Mama, saa yake inasomaje?" Akacheka: "Baba, inasema tuko miaka ya nyuma kabisa." Hiyo ilitosha kunielekeza.

Niliingia BIOS kwa kubonyeza F2 mara tu baada ya kuwasha. Mashine nyingine hutumia Del, F1 au F10. Tarehe ilikuwa imerudi mwanzo, na pamoja nayo kipengele cha diski, "SATA Operation", kilikuwa kimerudi kwenye RAID badala ya AHCI. Windows iliyowekwa diski ikiwa kwenye AHCI haitambui diski hiyo hiyo ikiitwa kwa njia nyingine, kwa hiyo inakwama. Tukabadilisha betri, tukarudisha AHCI, tukaweka tarehe, tukahifadhi. Ikawaka na hesabu zote za kikoba zikiwepo. Betri hiyo inauzwa hata kwenye maduka ya saa pale Mwanga, kwa elfu chache.

Angalizo moja: usibadilishe kipengele cha SATA kwa kubahatisha. Piga picha kwa simu jinsi kilivyo kabla hujakigusa, na ukikibadilisha bila mafanikio, kirudishe.

Kituo cha pili: vidoa vinazunguka bila mwisho

Mashine ikipita alama ya kampuni na kukwama kwenye vidoa, vifaa vingi vimeshajieleza kuwa vizima, ingawa diski bado haijasafishwa jina. Sasa mtuhumiwa mkubwa ni Windows yenyewe, na kwa mazingira yetu chanzo kikubwa ni umeme kukatika wakati mfumo unaandika kwenye diski. Faili inabaki nusu.

Windows 10 na 11 zina kitu kinaitwa "Fast Startup". Ukizima, mfumo hauzimi wote. Unahifadhi sehemu yake kwenye diski ili kesho uwake haraka. Kilichohifadhiwa kikiharibika, kila asubuhi unaanza na uharibifu ule ule. Ndiyo sababu kompyuta nyingine hugoma ukiiwasha baada ya kuizima, lakini hukubali ukiianzisha upya kwa "Restart".

Ili uingie kwenye chumba cha matengenezo, washa, na vidoa vikianza kuzunguka shikilia kitufe hadi izime. Rudia. Kwa kawaida mara ya tatu itafungua yenyewe ukurasa wa "Automatic Repair". Usifanye hivi kama diski inagonga. Ukifika hapo, chagua "Advanced options", kisha "Troubleshoot" na tena "Advanced options" kama zitaonekana, na ujaribu kwa mpangilio huu:

1. "Startup Repair". Iache imalize yenyewe.
2. "System Restore", kama kuna tarehe ya nyuma ambapo mashine ilikuwa nzima. Haifuti picha wala nyaraka zako, ila programu ulizoweka baada ya tarehe hiyo zitaondoka.
3. "Uninstall Updates", kama kuganda kulianza mara baada ya kusasisha.
4. "Startup Settings", kisha "Restart", halafu bonyeza 4 ili uingie "Safe Mode".

"Safe Mode" ni kipimo kizuri kuliko vyote hapo, kwa sababu Windows inawaka na vitu vya lazima peke yake. Ikiwaka humo bila shida, diski na RAM huenda ni nzima, na kosa liko kwenye draiva au programu uliyoiongeza. Ondoa ya mwisho kuwekwa. Kisha fungua "Command Prompt" kama msimamizi na uandike `chkdsk C: /f`, itakuomba ruhusa ya kukagua diski utakapowasha tena, jibu Y. Baada ya hapo andika `sfc /scannow`, inayokagua na kurekebisha faili za mfumo. Mwisho andika `powercfg /h off`. Hiyo inazima "Fast Startup" moja kwa moja. Kwa nyumba ambayo umeme hukatika, sekunde chache unazopoteza kila asubuhi zinalipa.

Kituo cha tatu: imefunguka, lakini kishale hakisogei

Hapa mara nyingi ni msongamano. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, subiri, kisha fungua sehemu ya "Startup". Utakuta programu kedekede zinazogombania kuwaka pamoja na Windows. Zima zile usizozihitaji asubuhi. Usizime kwa jina usilolijua, litafute kwanza.

Tazama pia programu za kuzuia virusi. Mbili zikiwekwa kwenye mashine moja zinachunguzana na kukwamishana. Bakiza moja, ile inayokuja na Windows yenyewe inatosha kwa nyumba nyingi. Na kama diski inasoma asilimia 100 muda wote hata usipofanya lolote, hapo ndipo SSD inapostahili pesa yake. Kompyuta iliyochoka ukiitolea diski ya kuzunguka na kuiwekea SSD ya gigabaiti 240, utadhani umenunua nyingine. Hakuna marekebisho mengine ninayoyapendekeza kwa moyo mweupe kama hayo.

Flashi ya Linux: shahidi asiye na upande

Ukishindwa kujua kama kosa ni la vifaa au la Windows, mlete shahidi. Kwenye kompyuta ya rafiki, pakua Linux Mint ya Xfce, ambayo ni karibu gigabaiti 3, na uiweke kwenye flashi ya gigabaiti 8 kwa programu ya bure iitwayo Rufus. Flashi hiyo itafutwa yote, kwa hiyo isiwe yenye mawaidha ya shehe wala kazi za shule. Ichomeke kwenye kompyuta inayoganda, washa, bonyeza F12 au kitufe kinachofungua orodha ya kuwakia, na uchague flashi. Linux itafunguka bila kugusa diski yako. Usibonyeze tu ile alama ya kuisakinisha.

Ikifanya kazi vizuri kwa saa nzima, vifaa vikuu ni vizima na ugomvi uko kwenye Windows au diski. Ikiganda nayo, acha kuilaumu Windows. Rudi kwenye RAM, joto na pawa saplai.

Faida ya pili ya flashi hii ni kubwa zaidi. Ukiwa ndani ya Linux unaweza kufungua diski yako, ukaingia folda ya "Users" na kunakili picha, nyaraka na hesabu kwenye diski ya nje. Hapo ndipo mtu anaweza kuzungumzia kupiga Windows upya. Faili kwanza, Windows baadaye. Anayekuambia kinyume chake hajawahi kupoteza picha za marehemu mzazi.

Umeme, radi, vumbi na mijusi

Kigoma iliishi kwa majenereta ya dizeli miaka mingi kabla ya kuunganishwa na Gridi ya Taifa. Gridi imeleta nafuu, lakini kukatika na kurudi kwa ghafla hakujaisha, na kinachoua vifaa zaidi ni kule kurudi. Umeme ukikatika, zima swichi ya ukutani. Ukirudi, subiri dakika kadhaa utulie ndipo uwashe. Ukipata fedha, nunua UPS kabla ya spika. Si kwa ajili ya kuendelea kufanya kazi gizani, ni kwa ajili ya dakika chache za kuhifadhi na kuzima kistaarabu.

Radi nayo si ya kufanyia mzaha. Ng'ambo ya ziwa letu, mashariki mwa Kongo, ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa na radi zaidi duniani. Utafiti wa takwimu za setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliiweka Kabare ya huko Kongo nafasi ya pili baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Mvua zikianza mwishoni mwa mwaka, ukisikia ngurumo upande wa milima ya Kongo, chomoa. Kuzima swichi hakutoshi. Waya utoke ukutani, na wa intaneti pia kama unao.

Kiangazi kinaleta vumbi jekundu, na vumbi linaziba feni. Mashine inayowaka baridi na kuganda baada ya kupata moto inalilia kusafishwa. Nje, kwenye kivuli, tumia blowa au brashi laini ya kupakia rangi, huku umeshika feni isizunguke. Ziba pia matundu ya nyuma yaliyoachwa wazi. Sisimizi na mijusi hupenda joto la ndani ya kasha, na mjusi mmoja akilala juu ya madabodi anaweza kukugharimu madabodi yenyewe.

Ukinunua mtumba, geuza kasha utazame pawa saplai kabla hujaichomeka. Za zamani zina swichi nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Ikiwa swichi iko kwenye 115, utasikia mlipuko kabla hujaona alama ya kampuni.

Wakati wa kumwita fundi

Diski inayogonga, kapasita zilizovimba, harufu ya kuungua, na pawa saplai yenyewe: hapo usijaribu. Pawa saplai hata ikichomolewa huhifadhi umeme unaoweza kukuumiza, kwa hiyo usiifungue, inabadilishwa nzima. Unapokwenda kwa fundi, nenda na maelezo: inagandia kituo gani, inalia mara ngapi, ilianza baada ya tukio gani, Linux iliwaka au haikuwaka. Mwulize mbele yako, kabla hajagusa, faili zako zitahifadhiwa wapi. Fundi mzuri atafurahia maswali hayo.

Na kama bado uko kwenye Windows 10, jua kwamba Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Haitazima siku moja kwa ajili hiyo, lakini milango yake ya usalama haizibwi tena kama zamani. Kwa mashine isiyoweza kubeba Windows 11, ile Linux iliyo kwenye flashi yako ya uchunguzi inaweza kusakinishwa kabisa, na kwa kuandika barua, kufanya hesabu na kusoma mtandaoni inatosha.

Leo, kabla mashine yako haijagoma, fanya mambo mawili: nakili faili zako kwenye diski nyingine, na uangalie kama saa ya kompyuta iko sawa baada ya kuichomoa usiku mzima. Saa ikichelewa au kurudi nyuma, nunua betri kesho asubuhi.